Polisi walimvunja mpwa wangu mkono: je, kinga yao inafunga mlango wa mahakama?

Swali la msomaji: "Mpwa wangu ana miaka 23 na anafanya kazi ya usiku kwenye ghala katika mji mmoja hapa Ohio. Miezi minne iliyopita, akirudi nyumbani alfajiri, askari wawili wa mji walimsimamisha wakimdhania mtu mwingine waliyekuwa wakimtafuta. Walimlaza kifudifudi, wakamfunga pingu, kisha mmoja akaupinda mkono wake mpaka ukavunjika juu ya kiwiko. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Wakili wa kwanza tuliyemwendea ametuambia kwamba polisi wana kinga, na kwamba bila kupata kesi nyingine inayofanana na yetu hatutafika mbali. Je, ni kweli kwamba polisi wa Marekani hawashitakiki? Na hiyo kesi ya mtu mwingine inahusiana nini na mkono wa mtoto wetu?"

Ndugu msomaji,

Mpe kijana pole zangu, na mama yake pia. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu ndani yake kuna neno moja dogo ambalo huenda likabeba kesi nzima, nalo ni neno "kisha". Umeandika kwamba alifungwa pingu, kisha mkono wake ukapindwa. Nitalirudia neno hilo baada ya kukujibu swali lako la kwanza.

Si kweli kwamba polisi wa Marekani hawashitakiki. Hufunguliwa kesi za madai katika mahakama za shirikisho mwaka hadi mwaka, na miji inayowaajiri hulipa fidia. Kilicho kweli ni kwamba, kati ya mtu aliyeumizwa na fidia yake, majaji wameweka kizingiti kinachoitwa kinga yenye masharti. Kizingiti hicho hakiishii kuuliza kama askari alikosea. Kinauliza pia kama, siku alipokosea, sheria ilikuwa imekwisha kuwekwa wazi kiasi kwamba askari yeyote mwenye busara angejua kuwa kitendo kile, katika mazingira yale, kinavunja katiba. Na uwazi huo, kwa desturi ya mahakama hizo, hutafutwa katika hukumu za nyuma. Hapo ndipo kesi ya mtu mwingine inapoingia katika mkono wa mpwa wako. Wakili hakuwadanganya, ila alichowapa ni nusu ya jibu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowahusu ninyi zaidi.

Sheria mtakayoitegemea ina umri mkubwa. Bunge la Marekani liliipitisha mwezi Aprili 1871, miaka sita baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati kundi la Ku Klux Klan lilipokuwa likiwachapa na kuwaua watu weusi waliotoka utumwani huko kusini, huku masherifu na mahakimu wa majimbo wakigeuza uso pembeni. Rais Ulysses S. Grant aliitia saini. Leo inajulikana kwa namba ya kifungu chake, 1983, na kiini chake ni chepesi kueleza: mtu anayetumia mamlaka ya jimbo kumnyima mwingine haki aliyopewa na katiba atawajibika kwa yule aliyemdhulumu. Ukikisoma kifungu hicho kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, hutaona mahali kinapotaja kinga ya askari.

Kwa takriban miaka 90 sheria hiyo ililala. Iliamshwa na kisa ambacho nadhani kitakugusa. Alfajiri moja ya Oktoba 1958, askari 13 wa Chicago waliingia kwa nguvu nyumbani kwa James Monroe, mtu mweusi mwenye mke na watoto sita. Kwa mujibu wa madai ya familia, waliwaamsha wote, wakawasimamisha sebuleni wakiwa uchi, wakapekua kila chumba wakimwaga droo na kuchana magodoro, kisha wakamchukua Monroe hadi kituoni, ambako walimshikilia saa 10 wakimhoji kuhusu mauaji yaliyotokea siku mbili kabla. Hawakuwa na hati ya upekuzi wala ya kukamata. Walimwachia bila kumshtaki kwa lolote, kama alivyoachiwa mpwa wako. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba familia ile ilikuwa na haki ya kuwashtaki askari hao chini ya sheria ya 1871, hata kama walichokifanya kilikuwa kimekatazwa na sheria za jimbo lenyewe. Tangu siku hiyo kifungu cha 1983 kikawa njia kuu ya raia kumfikisha askari mbele ya jaji wa shirikisho.

Lakini mlango ule haukukaa wazi muda mrefu. Mwaka huohuo wa 1961, makasisi 15 wa Kianglikana, weupe kwa weusi, waliingia pamoja katika chumba cha kusubiria basi mjini Jackson, Mississippi, ambacho bango la nje lilisema ni cha weupe pekee. Walikamatwa kwa madai ya kuvuruga amani na kuhukumiwa kifungo cha miezi minne. Walipowashtaki askari waliowakamata, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1967, katika kesi ya Pierson dhidi ya Ray, kwamba askari aliyemkamata mtu kwa nia njema, akiamini sheria anayoitekeleza ni halali, anaweza kujitetea kwa imani hiyo. Utetezi huo haukutoka bungeni. Majaji waliutoa katika kanuni za zamani za mahakama, na mimi huwa naona uchungu kwamba kinga hii ilizaliwa katika kesi ya watu waliokamatwa kwa kukataa kutenganishwa kwa rangi.

Hata hivyo kinga ya 1967 ilikuwa bado inagusa dhamiri ya askari: je, aliamini kwa dhati kwamba anatenda haki? Mgeuko mkubwa ulikuja mwaka 1982 katika kesi ya Harlow dhidi ya Fitzgerald, ambayo haikuwahusu polisi kabisa bali wasaidizi wa Rais Nixon. Mahakama iliacha kuuliza nia. Badala yake iliweka kipimo cha nje: afisa analindwa asipokuwa amevunja haki iliyokwisha kuwekwa wazi, ambayo mtu mwenye busara angeijua. Kuanzia hapo lililochunguzwa halikuwa tena moyo wa askari, bali rafu za vitabu vya hukumu. Askari anaweza kuwa na chuki tele kifuani na bado akalindwa, kama hakuna hukumu inayofanana. Miaka minne baadaye mahakama hiyohiyo ikasema kwamba kinga inawalinda wote isipokuwa wasiojua kazi yao kwa namna iliyo dhahiri na wale wanaovunja sheria huku wakijua, na mwaka 2011 ikaongeza kwamba hukumu za nyuma lazima ziwe zimeliweka jambo mahali ambapo halina tena mjadala.

Niruhusu nikuonyeshe kwa karibu jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi, kwa kesi iliyoamuliwa na mahakama ileile ambayo ingesikiliza rufaa yenu. Ohio iko chini ya Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita, yenye makao yake Cincinnati, pamoja na Michigan, Kentucky na Tennessee. Mwezi Januari 2014, mjini Nashville, polisi walikuwa wakimfuata Alexander Baxter, aliyekuwa akivunja nyumba za watu. Walimkuta amejificha chini ya nyumba. Kwa maelezo yake, alikuwa amekaa sakafuni, mikono yake yote miwili imeinuliwa juu, na alikaa hivyo kwa sekunde kadhaa wakati askari mmoja alipomwachia mbwa wa polisi, ambaye alimng'ata kwapani. Baxter alikuwa na hukumu ya nyuma mkononi. Mwaka 2012 mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema kwamba kumwachia mbwa mtuhumiwa aliyekwisha kujisalimisha kwa kulala chini ni kuvunja katiba. Mtu wa kawaida angesema kesi zinalingana. Majaji wa rufaa hawakusema hivyo. Mwaka 2018 waliandika kwamba katika kesi ya kwanza mtu alikuwa amelala, na katika hii mtu alikuwa amekaa na kuinua mikono, na kwamba kuinua mikono peke yake hakukutosha kumpa askari onyo la wazi. Kesi ikaisha hapo, bila juri, yaani bila wananchi wa kawaida kuketi, kumsikiliza Baxter na askari, na kuamua nani anasema kweli.

Baxter alikuwa mwizi, na wapo watakaosema ajilaumu mwenyewe. Siwaungi mkono, kwa sababu katiba haiwaachii askari kuamua nani ang'atwe na mbwa baada ya kujisalimisha. Na anayedhani kinga hii huwaangukia wahalifu tu, aangalie kesi ya Fresno, California, ambako wafanyabiashara wawili walidai kwamba askari waliopekua mali zao kwa hati halali mwaka 2013 waliiba zaidi ya dola 225,000 za fedha taslimu na sarafu adimu. Askari walikana. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya kanda nyingine, ile ya Tisa, ilisema kwamba hata kama wizi huo ulitokea, hapakuwa na hukumu iliyoweka wazi kwamba kuiba mali iliyokamatwa kwa hati ni kuvunja haki ya katiba inayozuia ukamataji usio halali. Majaji walikiri kwamba kila askari anajua wizi ni kosa la kimaadili. Kukiri huko hakukuwarudishia wenye mali kitu.

Utauliza: kama kila mara inahitajika hukumu ya nyuma, hukumu ya kwanza itatoka wapi? Swali hilo ndilo linalonifanya niione kanuni hii kuwa na kasoro kwenye mzizi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilikuwa imewaagiza majaji waamue kwanza kama katiba ilivunjwa, ndipo waulize kama sheria ilikuwa wazi, ili angalau anayeshindwa leo amwachie wa kesho hukumu ya kutegemea. Mwaka 2009, katika kesi ya Pearson dhidi ya Callahan, agizo hilo liliondolewa. Sasa jaji anaweza kuruka swali la kwanza, akasema tu kwamba sheria haikuwa wazi, akafunga jalada. Sheria haikuwa wazi jana, haitakuwa wazi leo, na kesho askari mwingine atakapofanya jambo lilelile, mahakama itatafuta tena hukumu ambayo ilikataa kuiandika.

Majaji wenyewe wa Mahakama ya Juu hawakubaliani juu ya hili, na mgawanyiko wao haufuati vyama. Sonia Sotomayor, mwaka 2018, katika kesi ya mwanamke wa Arizona aliyepigwa risasi nne akiwa ameshika kisu cha jikoni na bila kumtishia mtu, aliandika kwamba hukumu za aina hii zinawaambia polisi wapige risasi kwanza na kufikiri baadaye. Clarence Thomas, ambaye katika mambo mengi yuko upande wa pili kabisa, amesema zaidi ya mara moja kwamba kinga hii haionekani kuwa na msingi katika sheria ya 1871, na alisikitika hadharani Juni 2020 wenzake walipokataa kuisikiliza rufaa ya Baxter. Mwaka 2023 Alexander Reinert, profesa wa sheria wa New York, alionyesha kwamba sheria ya 1871 ilipopitishwa ilikuwa na maneno 16 yaliyosema kuwa inashinda sheria, kanuni au desturi yoyote ya jimbo inayoipinga, na kwamba maneno hayo yaliachwa mwaka 1874 wakati sheria za nchi zilipokusanywa katika kitabu kimoja. Kama maneno hayo yangebaki, ingekuwa vigumu mno kwa majaji wa 1967 kusema kwamba bunge liliziacha kinga za zamani zisimame. Mahakama ya Juu haijabadili msimamo kwa hoja hiyo, kwa hiyo msiende mahakamani mkiitegemea.

Sasa nirudi kwa mpwa wako, na kwa neno "kisha".

Kanda ya Sita, ileile iliyomnyima Baxter, imekuwa thabiti kwa miaka mingi katika jambo moja: mtu aliyekwisha kudhibitiwa, aliyefungwa pingu na asiyepinga, hapaswi kutumiwa nguvu tena. Hukumu inayotajwa sana ni ya mwaka 2004, kesi ya Champion dhidi ya Outlook Nashville. Calvin Champion alikuwa na umri wa miaka 32, mwenye usonji, asiyeweza kuzungumza. Polisi walimlaza chini, wakamfunga pingu na kumfunga miguu, na mashahidi walieleza kwamba waliendelea kumkandamiza mgongoni na kumpulizia dawa ya pilipili baada ya kuwa amefungwa. Alifariki. Juri iliipa familia yake dola 900,000, na askari walipokata rufaa wakidai kinga, mahakama iliwakatalia, ikasema sheria ilikuwa wazi. Hiyo ndiyo kesi ya mtu mwingine ambayo wakili wenu alipaswa kuitafuta, na zipo nyingine zilizoifuata.

Kwa hiyo, ikiwa mkono wa kijana ulivunjwa baada ya pingu kufungwa na baada ya yeye kutulia, kinga haitakiwi kuwafungia mlango. Ikiwa ulivunjwa wakati wa kumfunga pingu, huku askari wakidai kwamba alikuwa akivuta mikono yake, jambo ni gumu zaidi, maana watasema alikuwa anapinga ukamataji, na majaji huwapa askari nafasi kubwa katika sekunde zile. Tofauti ya matokeo hayo mawili inaweza kuwa ya sekunde 10. Ndiyo maana nimekwambia neno "kisha" ni zito, na ndiyo maana lazima liwe la kweli: msilipambe wala msilipunguze, kwa kuwa kamera ambazo askari huvaa kifuani huonyesha sekunde, na ushahidi wa video ukipingana na kiapo, majaji watafuata video.

Lipo pia swali la kumdhania mtu mwingine. Hapo msiweke matumaini makubwa. Kumkamata mtu asiyehusika hakuvunji katiba kama askari walikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ndiye, kwa mfano maelezo ya umbo, mavazi na mahali. Kama maelezo waliyopewa yalikuwa mbali kabisa na kijana, wakili aliweke dai hilo. Vinginevyo, nguvu ya kesi yenu imo katika mkono, si katika ukamataji.

Jambo moja linalowakatisha tamaa watu wengi ni muda. Kinga hii imepewa tabia ya kumlinda askari hata dhidi ya usumbufu wa kesi yenyewe, na kwa sababu hiyo, jaji wa kwanza akimnyima kinga, askari anaruhusiwa kukata rufaa papo hapo kabla kesi haijasikilizwa. Mengine yote hubaki yakisubiri, pengine kwa mwaka mzima au zaidi, huku mashahidi wakihama na kumbukumbu zikififia. Tangu 1995 rufaa hiyo ya mapema inaruhusiwa kwa hoja za sheria tu, si kwa ubishi wa nini kilitokea. Wakili mzuri huandaa jalada lake tangu mwanzo ili ionekane kwamba kinachobishaniwa ni ukweli wa tukio, jambo ambalo ni la juri kuamua.

Wanaoitetea kinga husema kwamba askari hufanya maamuzi kwa kufumba na kufumbua, gizani, akiwa na hofu ya uhai wake, na kwamba akiogopa kufilisika ataacha kufanya kazi au ataacha kazi yenyewe. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo naiheshimu. Lakini katiba imekwisha kuizingatia: kesi ya Graham dhidi ya Connor ya mwaka 1989 inamtaka jaji apime nguvu iliyotumika kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale, si kwa macho ya mtu aliyekaa ofisini baadaye. Kinga inakuja juu ya kipimo hicho, ikimpa nafuu ya pili askari ambaye tayari ameonekana kuwa alitenda pasipo busara. Sehemu ya pili, ile ya kufilisika, haisimami mbele ya hesabu. Profesa Joanna Schwartz wa chuo kikuu cha UCLA alichunguza malipo ya miaka ya 2006 hadi 2011 na kukuta kwamba, katika miji na kaunti kubwa alizozipitia, askari walitoa mifukoni mwao takriban asilimia 0.02 tu ya fedha walizolipwa walalamikaji. Zilizobaki zililipwa na waajiri au bima zao. Familia ya George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na askari mwaka 2020, ilipolipwa dola milioni 27 mwaka 2021, aliyelipa alikuwa mji wa Minneapolis.

Schwartz huyohuyo, katika utafiti wa mwaka 2017 uliopitia kesi 1,183 katika wilaya tano za mahakama za shirikisho, alikuta kwamba kinga ilikuwa sababu ya kufutwa kwa chini ya asilimia 4 ya kesi ambazo ingeweza kudaiwa. Takwimu hiyo iwape moyo, lakini kwa tahadhari, kwani haihesabu kesi ambazo hazikufunguliwa kabisa kwa sababu wakili alisikiliza, akapiga hesabu ya miaka na gharama, akamwambia mteja kwamba haiwezekani. Kwa maoni yangu madhara makubwa ya kinga hii yamo ofisini mwa wakili kuliko mahakamani, na ninyi mmekwisha kuyaonja. Tafuteni wakili wa pili, anayefanya kesi za haki za raia kama kazi yake kuu. Sheria ya mwaka 1976 inaruhusu mlalamikaji anayeshinda alipiwe gharama za wakili na upande ulioshindwa, na wengi wa mawakili hawa huchukua kesi bila malipo ya awali.

Mwulizeni pia kuhusu mji. Tangu mwaka 1978 mji wenyewe unaweza kushtakiwa, na tangu 1980 imethibitishwa kwamba mji hauna kinga hii ya masharti hata kidogo. Ugumu wake ni mwingine: mji hauwajibiki kwa sababu tu uliyemwajiri amekosea, lazima mwonyeshe kwamba dhara lilitokana na sera, mazoea au upungufu wa mafunzo ambao wakuu waliujua na kuupuuza. Kama askari yuleyule amelalamikiwa mara tano kwa kuvunja watu viungo na hakuna aliyemgusa, hapo mna pa kuanzia.

Kinga hii haihusu kesi za jinai. Mwendesha mashtaka akiamua kumshtaki askari, kinga hii haimzuii. Lakini uamuzi huo si wenu, na kwa mashtaka ya shirikisho ni lazima ithibitishwe kwamba askari alivunja haki hiyo kwa makusudi, mzigo ambao waendesha mashtaka wengi hukwepa kuubeba. Hakikisheni vilevile kwamba waliomkamata walikuwa kweli askari wa mji. Kifungu cha 1983 kinawagusa maafisa wa majimbo, kaunti na miji; maafisa wa shirikisho, wakiwemo wa uhamiaji, wana njia nyingine, ambayo Mahakama ya Juu iliibana sana mwaka 2022.

Yapo majimbo yaliyochoka kusubiri. Colorado ilipitisha sheria Juni 2020 inayomruhusu raia kumshtaki askari katika mahakama za jimbo bila kinga hii kutumika, na askari ambaye mwajiri wake ameona hakutenda kwa nia njema anaweza kuchangia fidia mwenyewe hadi dola 25,000. New Mexico ilifuata mwaka 2021 kwa njia yake, ikiwafanya waajiri wa serikali ndio washtakiwa. Ohio haijafanya hivyo, ingawa wapo wananchi waliojitokeza kukusanya saini ili suala hili lipigiwe kura kama marekebisho ya katiba ya jimbo. Katika sheria ya sasa ya Ohio askari ana kinga nyingine ya kijimbo, inayoondoka akithibitika kutenda kwa nia ovu au kwa uzembe uliokithiri.

Na hapa niwahimize kwa nguvu zote kuhusu tarehe. Dai la shirikisho kwa tukio la Ohio lina ukomo wa miaka miwili tangu siku ya tukio. Dai la kijimbo la shambulio la mwili lina mwaka mmoja tu. Miezi minne imekwisha kupita, kwa hiyo mna minane kwa hilo la pili, na mawakili hawapendi kupokea jalada wiki ya mwisho. Wiki hii hii, pelekeni barua ya maandishi kwa mji mkitaka video za kamera za kifuani, za magari na rekodi za redio za usiku ule zihifadhiwe, kisha mwombe nakala zake. Chukueni hospitalini picha za eksirei na maelezo ya daktari kuhusu aina ya mvunjiko, kwa kuwa daktari wa mifupa anaweza kueleza kama mfupa ulivunjika kwa kuanguka au kwa kupindwa. Kijana asizungumze na mpelelezi wa idara bila wakili kuwa pembeni, na mtu yeyote wa familia asiandike habari hizi mtandaoni.

Halafu mketishe chini akiwa ametulia, mkiwa wawili tu, umpe karatasi, aandike kwa lugha anayoiweza zaidi. Asianze na maumivu. Aanze na pingu: ni askari yupi aliyezifunga, mkono upi ulitangulia kufungwa, alisikia mlio wa pingu mara ngapi, uso wake ulikuwa umeelekea wapi, alisema neno gani, na kutoka mlio wa mwisho hadi mfupa ulipolia, nini kilipita katikati.